Mrija Niliouvunja Shasha

Mnaniuliza kila mtu kwa zamu yake, kisimani, kanisani, hata shambani kwangu: Vumilia, mlifanya nini huko ziwani? Mbona mume wako amerudi kimya, na wewe umerudi na malengelenge mikononi? Basi kaeni. Nitasema mara moja tu, na atakayenikatiza kwa kicheko, ninaanza upya tangu mwanzo.

Kwanza, mimi nina wivu. Sikatai, wala msijisumbue kunong'ona. Wazazi waliponiita Vumilia walikuwa wanaota.

Kwa ajili ya shangazi yangu aliyefika jana kutoka Mpofi, na ambaye hajui kitu, niseme hivi: mume wangu Bauma hakuzaliwa hapa Lushebere. Amezaliwa Shasha, kwenye ziwa Kivu, na baba yake alikuwa mvuvi. Baba alipofariki, mama mtu akarudi kwa kaka zake hapa milimani, akimvuta Bauma kwa mkono kama mtoto, na ndevu zilikuwa zimeshaanza kumwota. Hapa ndipo alipojifunza kulima maharage na muhogo, na hapa ndipo akanioa. Kila akishiba alikuwa ananisimulia jinsi alivyokuwa mvuvi hodari, jinsi mtumbwi ulivyokuwa unamtii. Mimi namsikiliza na kumenya mihogo.

Sasa, siku moja alishuka Sake kuuza maharage, akamwona Mzungu na bibi yake wanatembea kando ya ziwa. Hawaendi popote. Wana fimbo za kuvulia na vifuko vidogo mgongoni, wanacheka. Aliporudi akaniambia, "Mama, maharage tumeisha kuvuna. Na siye tutembee hivyo. Weye na miye tu." Mimi nikafurahi, nikasema kweli Mungu amekumbuka nyumba yangu. Weye na miye tu! Ningejua.

Lushebere mpaka Mushaki

Tulitoka asubuhi, umande bado majanini. Mimi kichwani nina kikapu: viazi vitamu vilivyochemshwa, mahindi ya kuchoma, sombe ya majani ya muhogo iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Bwana mkubwa ana ufito begani wenye uzi na ndoano, basi. Ati Mzungu njo anabeba hivyo, ndiyo desturi yake. Nikamwambia yule Mzungu alikuwa na mpagazi nyuma yake, wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa unamtazama bibi.

Shida ya njia hii haikuwa kupanda wala utelezi. Shida ilikuwa watu. Mtu na mke wake wakitembea pamoja, kikapu kimejaa, kila anayewaona anajua kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Tunatembea tu."

"Munatembea kwenda wapi?"

"Kutembea."

Wengine walitutazama wakakaza mwendo. Lakini mama mmoja mzee, karibu na kijito, alishika mkono wangu akakataa kuuachia. Aliona tunaficha, kwamba uchungu umetuzidi. Akaingia ndani ya nyumba yake, akatoka na maharage mekundu yaliyofungwa kwenye kitambaa. "Peleka kwa wenye matanga," akasema, na machozi yanamtoka. Bauma akaeleza, mimi nikaeleza, mama akalia zaidi. Tukachukua. Ungefanya nini? Nikawa na mzigo wa maharage ya msiba usiokuwa na maiti.

Mushaki mvua ikatufunga. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa mbele humwoni, unamsikia tu anatafuna. Tukapokelewa kwenye nyumba moja ya wafugaji, na wema wao siwezi kuusahau, isipokuwa binti yao. Yule binti alimjazia Bauma kibuyu cha maziwa ya mgando, akanywa; akajaza tena, akanywa; akajaza tena. Mimi nimejaziwa mara moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya adabu kabisa, "Dada, huyu ni kaka yako?"

"Miye njo mwenye ye," nikamjibu, yaani huyu ni wangu.

Akacheka. Bauma naye akacheka, na masharubu yake meupe kwa maziwa. Mvua iliendelea, na bwana huyu akatoka nje kuwasaidia kufunga ua wao ulioanguka, yeye ambaye ua wetu umelala chini tangu Pasaka. Nililala nimempa mgongo.

Mushaki mpaka Sake

Kukapambazuka vizuri, tukateremka. Kwenye kona moja miti inaachana, na ziwa linaonekana lote kwa mara moja, bluu, na visiwa vyake, na mawe meusi ya volkeno yakiingia majini upande wa Sake.

Bauma akasimama. Akavua kofia.

Sikilizeni, mimi nimeolewa kanisani. Nilisimama mbele ya padri na gauni la kuazima, nimepakwa mafuta mpaka nang'aa. Mwanaume huyu hakuniangalia vile alivyoliangalia lile ziwa. Niliyaonea wivu maji! Nikamwambia, "Vaa kofia, jua litakupiga," akavaa, lakini macho hakuyatoa kule. Tangu pale mwendo wake ulibadilika. Mimi niliyezoea kumsubiri njiani, nikawa namkimbilia nyuma na kikapu kinaruka kichwani.

Sake tulikuta siku ya soko. Tukaketi kwa mama mmoja anayepika samaki kwa mawese, na ugali wa muhogo laini. Nilikuwa na tonge la kwanza mdomoni yule mama alipoacha mwiko wake hewani.

"Weee! Bauma! Si njo mutoto wa marehemu wa Shasha huyu? Umekuya kushika kafi! Papa Kamundu alisema utakuya. Sifa anakungoja paka macho yanamuuma!"

Nikameza tonge. Nikalifuatisha na jingine. Wako watu ambao wakikasirika chakula hakipiti. Mimi kinapita mbio.

"Sifa njo nani?" nikauliza.

Yule mama ndiyo kwanza akaniona. Akainama juu ya sufuria yake akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

Sake mpaka Shasha

Njia ile inafuata maji, upande mmoja migomba, upande mwingine ufuko. Ndege weupe, upepo mzuri, watu wanaanika nyavu. Ni mahali pazuri, nasema kwa uchungu. Mimi niliipita yote namtazama mtu kisogoni.

"Sema," nikamwambia.

Akasema, kidogo kidogo, kama anayetoa mwiba. Papa Kamundu alikuwa mwenzake baba yake, mtumbwi mmoja miaka yote. Mtumbwi ule ulibaki kwa watoto wa Kamundu, Sifa na kaka yake. Lakini kaka mtu aliugua homa akafa, kabla ya maharage kuchanua. Mzee mgongo umekufa, hawezi kupiga kafi tena. Na mtumbwi ule hauendi na mtu mmoja: mmoja anapiga kafi, mwingine anashughulika na wavu. Umelala ufukoni tangu siku ile. Wametuma habari kwa Bauma.

"Na hukuniambia."

"Nilitaka nione kwanza."

"Uone nini? Sifa?"

"Mutumbwi, Mama."

"Na ukiisha kuuona?"

Akahamisha ufito bega la pili. "Nitabaki kidogo. Weye utarudia kwanza kuangalia mashamba. Halafu tutaona."

Halafu tutaona! Nawaomba mwanaume asiwaambie kamwe neno hili njiani, mbali na kwenu. Angesema ananiacha, ningemrushia kikapu, ingekwisha. Lakini tutaona? Nilijiona nimerudi hapa Lushebere peke yangu, kila jioni natazama njia, nanyi mnaniuliza Bauma yuko wapi. Hatujapata mtoto bado, mnajua. Kitu gani kingemrudisha? Ua uliolala?

Nilikuwa namwomba Mungu Sifa awe na sura mbaya. Nilikosea kuomba nikiwa na hasira, hakunisikia. Sifa alitoka kutupokea, mrefu, shingo nzuri, meno kama ya tangazo la sabuni lililobandikwa dukani Sake. Alinikumbatia mimi kwanza. Hilo liliniudhi zaidi ya yote, maana nilikuwa nimejiandaa kumwona akimkumbatia Bauma.

Siku iliyofuata tulitembea kando ya maji, ile safari yangu ya Wazungu, lakini tulikuwa watatu. Sifa anaonyesha mwamba, Bauma anasema ee, hapa tulikuwa tunaruka! Sifa anaonyesha mlango wa kijito, Bauma anasema ee, hapa tulikamata kambale! Tulikuwa, tulikuwa. Mimi nilikuwa natembea nyuma nikipigwa na matawi wanayoyaachia. Bauma alitupa ndoano yake ya Kizungu, ikakamata sketi yangu.

Kisha ikafika asubuhi yenyewe ya kwenda kuvua. Mtumbwi ulikuwa umesukumwa hadi kwenye maji, wavu umekunjwa ndani. Papa Kamundu alikuwa ameketi kwenye jiwe na chungu cha pombe ya ndizi mbele yake, na watu wa jirani wamesimama. Akafanya ishara ya msalaba. Akatia mrija kwenye chungu, mrija mmoja. Sifa akainama akanywa. Akanyoosha mrija uleule, bila hata kuupangusa, akampa mume wangu. Bauma akauweka mdomoni.

Shangazi, hata kwenu Mpofi mnajua. Sisi hapa, mume na mke wananywa kwa mrija mmoja siku ya arusi, mbele ya watu wote, na baada ya hapo kila mtu ana mrija wake. Mwanaume akinywa kwa mrija wa mwanamke mwingine mbele za watu, wazee wanaitwa. Na hawa wamenileta mimi niwe shahidi!

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka mrija umo mkononi mwangu, Bauma bado ametanua mdomo, nami nauvunja vipande, natupa, nauvunja tena. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya shangazi. Nilisema, "Arusi mutafanya nikikufa!"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Papa Kamundu alivitazama vile vipande kwenye mchanga, kisha akanitazama mimi, bila hasira.

"Mama," akasema, "kwenu murija njo wa arusi?"

"Ni wa nini tena?"

"Huku ni wa mutumbwi. Wenye watapanda pamoja wanakunywa pamoja. Kama muntu iko na neno na mwenzake, hawezi kuweka mudomo mahali mwenzake ameweka. Hivi tunajua hawapeleki ugomvi mu maji. Maji haipendi ugomvi."

Nikamgeukia Bauma. Alikuwa amejishika kichwa. Jamani, mtu huyu alikuwa na desturi mbili kichwani, kila moja chumbani kwake, na hajawahi kufungua mlango wa kati! Amekunywa na mimi siku ya arusi, anakwenda kunywa na Sifa, na halikumjia hata kidogo kwamba mimi nitaona nini.

"Basi kateni mwingine," nikasema.

"Haiko hivyo," akajibu mzee. "Mwenye kuvunja njo mwenye kukata. Na yeye njo atakunywa na mwenye alibaki, njo Sifa, na yeye njo atapanda. Kama hapana, mutumbwi hautagusa maji tena paka musimu ingine."

"Huyu ni muntu wa mulima!" Bauma akapiga kelele. "Hajui maji!"

Angesema kitu kingine, huenda ningelia na kuomba samahani. Lakini kusema hajui, mbele ya Sifa? Nikachukua kisu, nikaingia kwenye matete hadi magotini, nikakata mrija, tukanywa mimi na Sifa.

Juu ya maji

Nilikaa mbele, Sifa nyuma. Niliogopa, mbona nifiche? Mtumbwi ule ni gogo tu, ukipiga chafya unayumba. Nilikuwa nimeushika kingo mbili na kumwita Bikira Maria na watakatifu wote niliowajua.

"Usishike mutumbwi," Sifa akasema nyuma yangu. "Hautakimbia. Shika kafi. Fanya kama unalima."

Kulima nakujua. Nikachoma kafi majini kama jembe, nikavuta. Mtumbwi ukaenda! Nikachoma tena. Nyuma yetu Bauma alikuwa ameingia majini na suruali yake, anapiga kelele, sauti inazidi kuwa ndogo, na kusema kweli ilinifurahisha.

Tulipokuwa mbali na watu, nikamwuliza bila kugeuka. Ni rahisi kumwuliza mtu neno kama hilo usipomwona uso.

"Ulimupenda?"

"Ee," akasema. "Nilikuwa mutoto. Wakati mama yake alimupeleka kule mulimani, nililia paka mama akanichapa."

Nilipiga kafi mara nyingi baada ya hapo.

"Na sasa?"

"Sasa natafuta muntu wa kupiga kafi."

"Basi uko na yeye. Bauma anajua sana."

Mtumbwi ulianza kutikisika. Nikadhani ni wimbi, nikapiga yowe. Kumbe Sifa anacheka.

"Bauma? Anajua? Dada, Bauma alikuwa analala mu mutumbwi! Alikuwa anashika kafi na kusinzia. Kaka yangu alikuwa anamumwagia maji mu uso. Siku ingine aliachilia wavu ikazama, wavu muzima! Papa anamutaka kwa sababu ya baba yake tu. Nani atamwambia Papa?"

Yule mvuvi hodari wangu! Miaka yote namenya mihogo nasikiliza! Nilicheka mpaka nikaacha kuogopa. Ila ule wivu, msidhani ulikwisha. Ulisogea tu ukakaa mahali pengine. Maana yeye alijua Bauma wa kusinzia, nami sikuwahi kuonyeshwa.

Tukatupa wavu. Alinifundisha kusubiri, jambo ambalo mnajua siliwezi. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Hapo umekaa, njo kaka yangu alikuwa anakaa."

Nikakumbuka yale maharage ya kitambaa yaliyokuwa nyumbani kwao kwenye kikapu changu, na yule mama wa kijito aliyenilazimisha.

Tulivuta wavu pamoja. Walikuwemo samaki, si wengi sana, wanang'aa, na mmoja mkubwa aliyenipiga mkia shavuni. Njia ya kurudi Sifa akasema, "Tukifika, Papa atauliza siye wawili, wenye tulikunywa: nani atabaki kupiga kafi? Tukisema jina moja, imekwisha. Weye unataka nani?"

"Nataka bwana yangu arudie kwetu."

"Na miye nataka Neema, binti ya mama mudogo. Iko na nguvu, na hasinzii. Papa hataki kwa sababu ni mwanamuke." Akatazama ufukoni. "Lakini leo ataona mwanamuke wa mulima amenirudisha."

Papa Kamundu aliuliza vilevile, pale ufukoni, na watu wote wanasikia. Tukasema Neema, mimi na Sifa, kwa sauti moja. Mzee alitazama mikono yangu, ilikuwa inatoka damu. Alitazama samaki. "Basi ni Neema," akasema, na akageuka upande wa Bauma kama anayemwomba samahani.

Bauma hakuniangalia. Alikuwa analiangalia ziwa.

Kabla ya kuondoka nilimpa Sifa yale maharage. Nikamwambia yalikotoka, kwamba mama mmoja wa kwetu milimani amelilia wafu wenu bila kuwajua. Aliyapokea kwa mikono miwili.

Kurudi

Siwezi kuisema sana njia hii, kwa sababu hatukuongea. Samaki wakavu kikapuni, mikono imefungwa vitambaa. Bauma alikuwa ameuacha ufito wake wa Kizungu Shasha, akabeba tete lililokatwa ufukoni. Nililitazama lile tete kutoka Sake hadi juu. Nani amempa? Sifa? Ni ukumbusho? Sikuuliza.

Kwenye ile kona ambako ziwa linaonekana lote, nilijiandaa. Nilijua atageuka, atasimama, atavua kofia, nami nitakuwa na haki ya kumgombeza mpaka Mushaki. Hakugeuka. Alipita na kichwa chini. Hapo ndipo niliposikia uchungu wake, na ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotaka. Lakini sijuti. Nilimtaka nyumbani, ninaye.

Mushaki tukapewa maziwa tena, na yule binti akaja na kibuyu. Bauma akanywa mara moja akasema ameshiba. Ndipo alipofungua mdomo.

"Mulisema nini kule mu maji?"

"Nani?"

"Weye na Sifa. Niliwaona. Mulikuwa munacheka paka mutumbwi inatikisika."

"Ya wanawake."

Akauliza tena kwenye kijito. Akauliza tena chini ya Lushebere, amenuna, anapiga mawe teke. Ai, jamani, kumbe ni tamu hivyo kuonewa wivu! Ningejua ningepanda mtumbwi zamani.

Jioni tulipofika, mama mkwe alikuwa na chungu cha pombe ya ndizi tayari. Nikainuka kuchukua mirija yetu pale inapochomekwa kwenye paa, wa kwake na wa kwangu. Bauma akasema acha. Akachukua lile tete la Shasha, akalikata, akalipuliza, akalitia chunguni, hilo moja tu.

"Na wangu?" nikauliza.

"Njo huu."

Mama mkwe aliinuka akatoka nje, ati kuangalia mbuzi. Sikumwuliza Bauma ni desturi ya huku au ya kule. Niliinama nikanywa kwanza mimi, nikanywa sana, kisha nikampa. Akanywa. Akapangusa mdomo.

"Lakini Vumilia, Sifa alikuambia nini?"

Nikamrudishia mrija. Nanyi mliosikia, mkimwambia, tutagombana.